Mgeni Aliyepewa Jembe: Mhandisi wa Mafuta na Haki Yake



Wahenga wetu walisema: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Leo tungependa kuuliza swali linalofuata methali hiyo: mgeni aliyelima miaka 30 katika shamba la mwenyeji, je, bado ni mgeni? Tutalitafakari swali hili kwa kumtazama mhandisi wa mafuta afanyaye kazi ugenini.

Huenda baadhi yenu mkashangaa. Tumezoea kuwatetea vibarua na watumishi wa nyumbani. Mhandisi ana mshahara mnono, na watoto wake wanasoma shule nzuri. Ana dhuluma gani ya kulalamikia? Tuangalie mfano wa Kuwaiti.

Mafuta yaligunduliwa huko Burgan mwaka 1938, na shehena ya kwanza ikasafirishwa mwaka 1946. Wenyeji wenye elimu ya ufundi walikuwa wachache, hivyo wakaitwa wageni. Mji wa Ahmadi, uliojengwa kwa ajili ya kampuni ya mafuta, uligawanywa tangu mwanzo: wakubwa kutoka Uingereza na Marekani walikaa kaskazini, makarani na mafundi kutoka India na Pakistani katikati, na vibarua Waarabu kusini.

Miongoni mwa wageni hao walikuwamo Wapalestina, wengi wao wakiwa wamepoteza makwao katika vita vya mwaka 1948. Walikuwa wahandisi, walimu, madaktari na makarani. Watoto wao walizaliwa Kuwaiti, lakini kuzaliwa huko hakukuwapa uraia. Kibali cha ukaazi kilitegemea kazi, na kazi ilimtegemea mdhamini. Ndio mfumo uitwao kafala. Aliyepoteza kazi alikuwa hatarini kupoteza na ruhusa ya kukaa, hata kama alikuwa amefanya kazi humo tangu ujana wake.

Tarehe 2 Agosti 1990 Iraki iliivamia Kuwaiti. Wakati huo Wapalestina wapatao 400,000 waliishi nchini humo. Viongozi wa chama chao cha ukombozi walionekana kuiunga mkono Iraki. Wengi walikimbia vita. Na baada ya nchi kukombolewa Februari 1991, wengi wa waliosalia walifukuzwa au walinyimwa vibali. Wakabaki makumi machache tu ya maelfu. Ni kweli kwamba Wakuwaiti waliteswa sana na wavamizi, na uchungu wao twauelewa. Hata hivyo, kosa la viongozi, au la watu wachache, haliwezi kuwa hukumu ya jamii nzima.

Mwaka ule ule visima vya mafuta zaidi ya 600 vilikuwa vikiwaka moto, na wataalamu wa kigeni waliitwa kuvizima. Cha mwisho kilizimwa Novemba 1991. Basi, mgeni mwenye ujuzi alikuwa akikaribishwa kwa mlango mmoja, na mwingine akitolewa kwa mlango wa pili.

Hapo ndipo tunapoiona dhuluma yenyewe. Mshahara ni malipo ya jasho. Hauwezi kuwa bei ya utu. Papa Yohane Paulo II, katika waraka wake wa Laborem Exercens wa mwaka 1981, alifundisha kwamba mfanyakazi mhamiaji asiwe duni kwa haki kuliko wafanyakazi wengine. Tarehe 18 Desemba 1990, Kuwaiti ikiwa bado mikononi mwa wavamizi, Umoja wa Mataifa ulipitisha mkataba wa kulinda haki za wafanyakazi wahamiaji na familia zao. Uganda iliuridhia mwaka 1995. Nchi za Ghuba zinazochimba mafuta hazikufanya hivyo.

Ndugu, tusiwanyoshee wengine kidole tukajisahau. Mafuta ya Uganda yameleta wahandisi wa kigeni Hoima, na bomba lake linaelekea Chongoleani, Tanga. Vijana wetu nao huenda Ghuba kutafuta kazi. Tusiseme, “Amelipwa, aende zake.” Haki tunayomwombea mtoto wetu aliye ugenini ndiyo tunayopaswa kumpa mgeni aliye kwetu.

Maswali ya kujadili katika Jumuiya Ndogo Ndogo:

1. Je, hapa kwetu kuna wageni waliofanya kazi miaka mingi? Tunawaitaje?

2. Kijana anayekwenda kufanya kazi nje aulize nini kuhusu kibali chake kabla ya kutia sahihi mkataba?

3. Jumuiya yetu imsaidieje mgeni aliyepoteza kazi?