Askari Asiyepata Usingizi

Katika kambi na vituo vya polisi, toka Arua hadi mpakani Koboko, wapo askari ambao zamu ikiisha hulala macho wazi mpaka alfajiri. Wengi hunyamaza wasije wakaitwa waoga. Wengine hukimbilia waragi, ambayo huleta usingizi upesi na kuukatiza usiku wa manane. Mtu huyo ndiye akabidhiwaye bunduki asubuhi.

Mwaka 2016 Chuo cha Matabibu wa Marekani kilishauri tiba ya fikra na mwenendo itangulie vidonge. Kanuni zake ni za nidhamu: asiyepata usingizi aondoke kitandani, arudi usingizi umjiapo, na saa ya kuamka isibadilike. Kanuni hii ya mwisho ni ngumu kwa mwenye zamu za kupokezana. Hapo hapana budi makamanda wasaidie.

Wako wadhanio kuwa tiba za akili ni mambo ya Ulaya. Hata hivyo, huko huko West Nile, katika makazi ya Rhino Camp, wanawake wakimbizi 694 wa Sudan Kusini waliingia katika jaribio la mafunzo ya kukabili dhiki ya moyo, yaliyotolewa kwa sauti iliyorekodiwa, kwa Kiarabu cha Juba. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020: miezi 3 baada ya mafunzo, dhiki ya waliofunzwa ilikuwa imepungua kuliko ya wenzao.