Kwenda Njiani Pamoja na Mbwa



Leo hatutasema juu ya uji wala juu ya kupima watoto kilo. Tutasema juu ya mbwa. Musicheke! Munapokwenda shamba asubuhi, nani anatangulia mbele? Ni mbwa. Watoto wakienda kuteka maji ao kutafuta kuni, anawafuata. Anasikia kitu katika majani mbele ya sisi kusikia.

Tangu zamani watu wa Congo wanatembea na mbwa. Katika pori kuna mbwa wadogo wenye masikio ya kusimama na mkia wa kujikunja. Hawabweki kama mbwa wengine, kwa hiyo wawindaji huwafunga kengele ya mti shingoni wajue wako wapi. Wazungu huwaita Basenji. Basi, kutembea na mbwa ni kitu kizuri. Lakini tutembee naye kwa akili.

Kwanza, tokeni mapema, mbele ya jua kuwa kali. Mbwa hatoki jasho mwilini kama sisi. Anapoza mwili kwa kuhema na kutoa ulimi. Mukimuona anahema sana, mupumuzike kivulini na kumupa maji katika kopo yake mwenyewe, si ile ya mutoto. Mukifika karibu na soko ao masomo, mumufunge kamba. Mukirudi nyumbani, mutazame masikio yake na katikati ya vidole vyake: muondoe kupe na funza, kwa sababu funza wa mbwa huingia vilevile katika miguu ya watoto. Kisha munawe mikono kwa sabuni.

Sasa nifike kwa neno kubwa. Kuna ugonjwa unaoitwa kichaa cha mbwa. Wengine wanasema raji. Unakaa katika mate ya mbwa mugonjwa, na unaingia kwa mtu akiumwa, akikwaruzwa, ao mate yakigusa kidonda, macho ao kinywa. Katika dunia nzima, karibu watu wote wanaopata ugonjwa huu wameupata kwa mbwa, na watoto ni wengi kati yao. Kwa nini watoto? Kwa sababu wanacheza na mbwa, na wakiumwa wanaficha, wanaogopa kupigwa. Mama, usimupige mutoto anayesema, “Mbwa ameniuma.” Umushukuru kwa kuwa amesema.

Mutamujua namna gani mbwa mwenye kichaa? Tabia yake inageuka. Aliyekuwa mupole anakuwa mukali, ao mukali anakuwa mupole bila sababu. Mate yanatiririka, sauti inabadilika, hawezi kumeza, miguu inalegea. Mukimukuta njiani, mugeuke njia ingine. Muwafundishe watoto: mbwa mugeni akikaribia, usikimbie, usipige kelele, usimukazie macho. Simama kama mti. Akikuangusha, jikunje na kufunika uso na shingo.

Na kama ameuma? Saa ile ile, osha kidonda kwa maji mengi na sabuni, dakika 15 nzima, hata kama kidonda ni kidogo. Usitie makala, wala pilipili, wala mawese, wala majani. Jiwe nyeusi haiwezi kuvuta ugonjwa huu. Kisha uje hospitali siku ile ile. Usingoje kuona kama mutoto atagonjwa! Mara nyingi ugonjwa unakaa kimya miezi miwili ao mitatu, na kidonda kimekwisha kupona. Lakini ukianza kuonekana, mutoto akiogopa maji na kushindwa kumeza, karibu kila mara ni kifo. Dawa yetu ni ya mbele, si ya nyuma.

Dawa hiyo ni sindano. Katika mwaka 1885, kule Ufaransa, mama mumoja alimupeleka mutoto wake Joseph Meister, wa miaka 9, mpaka Paris kwa Louis Pasteur. Mbwa mwenye kichaa alikuwa amemuuma mara nyingi. Pasteur aliagiza apigwe sindano siku nyingi, na mutoto hakupata ugonjwa. Alikua akawa mutu muzima. Mama yule hakungoja. Sindano za leo ni chache kuliko zile, lakini zina siku zake: mumalize zote. Mama mwenye mimba anaweza kuzipata, na mwenye kunyonyesha, na mutoto mudogo vilevile.

Mbwa aliyeuma, kama anaweza kufungwa bila hatari, afungwe na kutazamwa siku 10. Lakini musingoje siku hizo kwa kuleta mutoto.

Mbwa naye ana sindano yake. Waambieni baba za watoto wamupeleke kwa munganga wa nyama akifika miezi mitatu, kisha arudi kwa siku atakazoambiwa. Mbwa mwenye sindano ni rafiki wa njia.

Mbele ya kwenda, mujibu pamoja:

Mbwa akiuma, tunafanya nini kwanza? Tunaosha kwa maji na sabuni.
Dakika ngapi? 15.
Tunakwenda hospitali siku gani? Leo, si kesho.

Jioni, muwafundishe watoto majibu haya.