Damu ya frigo si damu iliyooza

Leo tuzungumze juu ya damu.

Mtoto akishikwa na malaria kali, damu yake inaisha upesi. Viganja vinakuwa vyeupe, anahema mbio, hata kunyonya anashindwa. Muganga anasema apewe damu sasa hivi. Baba anasoma tarehe kwenye mfuko, anahesabu: siku 25! "Hii ni ya zamani, imeoza. Ngojeni ndugu yangu atoke kijijini, atoe damu ya moto." Na kijiji kiko mbali. Mtoto anayehema hivyo hana siku mbili za kungoja.

Ni kweli, damu ikikaa katika frigo inabadilika. Chembe nyekundu zinakuwa ngumu kidogo, nyingine zinakufa, na chumvi iitwayo potasiamu inatoka ndani yao. Ndiyo sababu damu ina mwisho wake: ikichanganywa na dawa ya kuilinda na kuwekwa kwenye baridi ya digri 2 mpaka 6, damu nzima inadumu siku 35. Zikipita, inatupwa. Na mtoto mchanga anayehitaji damu nyingi kwa mara moja, yeye tunamtafutia iliyo mpya, kwa sababu ya ile potasiamu.

Lakini hawa watoto wetu wengine je? Jirani zetu wa Uganda walipima jambo hili katika hospitali ya Mulago, Kampala. Watoto 290 wenye upungufu mkali wa damu waligawanywa: hawa wakapewa chembe nyekundu za siku 1 mpaka 10, wale za siku 25 mpaka 35. Matokeo yalitangazwa mwaka 2015. Asidi inayojaa mwilini damu ikikosekana ilipungua sawasawa kwa wote.

Tena, damu ya ndugu haitoki mkononi mwake ikaingia moja kwa moja kwa mtoto. Apana! Lazima ipite labo kwanza: sida, ugonjwa wa ini, kaswende, na kundi lake.

Mkitaka kuuliza, ulizeni juu ya baridi: je, umeme ulikatika, mfuko umekaa mezani muda gani? Ukishatoka, uanze kutumika ndani ya nusu saa. Wala msiupashe juani au katika maji ya moto, chembe zinapasuka.

Yule ndugu wa kijijini, mwambieni aje vilevile. Damu yake itawekwa frigo mahali pa mfuko mtoto aliopewa.