Waliopanda Darini

Somo: Marko 2:1–12



Somo letu wengi tumelijua tangu shule ya Jumapili. Watu wanne walimchukua mwenye kupooza, wakaukuta mlango umejaa watu. Upendo uliwafikisha mlangoni. Lakini kutoka pale kwenda mbele kulihitaji maarifa: kujua mahali pa kutoboa dari, na namna ya kumteremsha mtu asianguke.

Ndugu zetu wafanyao kazi Turkana hufika penye mlango huo kila siku. Fikirini mwalimu au muuguzi wa Nawoitorong, karibu na Lodwar, au wa Kakuma, kilometa 120 hivi kutoka Lodwar, penye kambi ya wakimbizi tangu mwaka 1992. Analetewa mtoto mwenye mtindio wa ubongo. Huruma anayo. Lakini je, ajua kwamba mtoto huyo hulishwa akiwa ameketishwa wima, chakula kisije kikaingia mapafuni? Ajua kwamba kiti chenye magurudumu membamba, kiendacho vizuri sakafuni, huzama katika mchanga wa laga, na kwamba hapo hutakiwa magurudumu mapana? Ajua kwamba kiziwi hasaidiwi kwa kupigiwa kelele, bali kwa lugha ya ishara? Huruma peke yake haina majibu hayo.

Kwa hiyo wako watumishi wanaorudi darasani hali wana kazi na watoto wa kulea. Taasisi ya Elimu Maalum ya Kenya, iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1986, imewafundisha walimu walio kazini kwa masomo ya mbali, wakikusanyika wakati wa likizo. Wenye shahada ya kwanza huweza kuendelea na shahada ya uzamili katika vyuo vikuu kama Kenyatta. Njia hiyo si nyepesi. Kutoka Lodwar mpaka Nairobi ni zaidi ya kilometa 600. Wenzake wakipumzika, yeye yu safarini. Na karo hutoka katika mshahara ule ule ununuao unga. Hata hivyo ana faida moja kubwa: hupeleka darasani swali la mtoto anayemjua kwa jina, na jibu lake humrudishia mtoto huyo huyo.

Je, sisi washirika tufanye nini? Wale walikuwa wanne, wala hakuna aliyembeba mgonjwa peke yake. Msomaji ameshika pembe moja ya godoro. Pembe nyingine ni zetu: kumchangia nauli, kuwatunza watoto wake anapokuwa chuoni, kumshikia zamu kazini. Naye akirudi, tumpe nafasi awafundishe wazee wa kanisa, akina mama, na walimu wa shule ya Jumapili. Cheti kilichotundikwa ukutani, huku mtoto angali amefichwa nyumbani, hakijamteremsha mtu yeyote darini.

Tena tukumbuke mwisho wa habari ile. Mtu yule alijitwika godoro lake mwenyewe, akatoka mbele ya watu wote. Si kila mlemavu atatembea kwa miguu. Lakini kila mmoja ana mahali anapotaka kwenda. Basi aulizwe yeye kwanza, maana ndiye aujuaye mwili wake. Elimu isiyomsikiliza itambeba mpaka mahali asipotaka.

Juma hili, tumtafute mtumishi mmoja katika usharika wetu anayetamani kusomea kazi hii, na tumwulize ni pembe ipi imekosa mtu.

Tuombe. Ee Bwana, uliyeiona imani ya wale wanne, uwape watumishi wako maarifa pamoja na huruma. Utupe na sisi mikono isiyoachia. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.