Mwenye Ufunguo wa Pikapu Ana Dhamana

Mazungumzo ya Ofisa wa Elimu ya Watu Wazima mbele ya kikundi cha wahitimu wa kisomo walionunua pikapu yao ya kwanza



 Siku zote tunakuja hapa na chaki na vitabu. Leo tumekuja mikono mitupu, maana kitabu chetu cha leo ni hiyo pikapu iliyosimama pale. Mmechanga fedha misimu mitatu ya mahindi, mkainunua. Hongereni sana. Ni kazi ya jasho.

Labda mtu atauliza: Elimu ya watu wazima na pikapu, wapi na wapi? Tutajibu swali hilo. Lakini kwanza tuwasimulie kosa letu wenyewe.

Miaka michache iliyopita sisi tulikuwa na pikapu kuukuu ya kusambazia vitabu. Mlango wake wa nyuma, ule unaoteremka chini wakati wa kupakia mizigo, ulikuwa na makomeo mawili. Moja lilikuwa limelegea. Dereva alijua. Sisi tulijua. Tukafunga waya, tukasema, “Tutatengeneza mwisho wa mwezi.” Mwisho wa mwezi ukapita. Na wa pili ukapita.

Siku moja tulikuwa tunarudi kutoka kijiji cha milimani. Mama mmoja, mwanakisomo wetu, akaomba lifti. Alikuwa na debe lake la maharage. Mbele hapakuwa na nafasi. Tukamwambia, “Mama, panda nyuma.” Akapanda, akaketi akiegemea mlango ule ule. Tulipokuwa tunapanda kilima, waya ukakatika. Mlango ukafunguka. Mama akaanguka pamoja na debe lake na sanduku letu la vitabu.

Mkono wake wa kulia ulivunjika. Ndio mkono aliokuwa ameanza kuandikia jina lake. Wenzake walipofanya mtihani, yeye alikuwa amefungwa plasta. Tulikwenda kumwona. Hakutugombeza. Aliuliza swali moja tu: “Walimu, mlijua kuwa kile kimlango ni kibovu?” Tukajibu, “Ndiyo, mama, tulijua.” Hatukuwa na neno jingine la kusema. Mwaka uliofuata alifanya mtihani akafaulu. Lakini mkono ule haubebi ndoo ya maji mpaka leo.

Ndiyo maana tumekuja. Pikapu haiumizi watu barabarani peke yake. Huumiza hata ikiwa imesimama, kwa ufunguo ulioachwa, kwa mlango uliofungwa nusu, na kwa komeo lililofungwa waya. Hebu tuyatazame mambo hayo moja moja.

UFUNGUO

Sogeeni karibu. Tazameni pale ufunguo unapochomekwa. Pameandikwa maneno manne. Mwaka juzi wengi wenu msingeweza kuyasoma. Leo someni herufi kwa herufi. La kwanza ni LOCK. La pili ni ACC. La tatu ni ON. La nne ni START. Ni maneno ya Kiingereza, lakini kazi zake tunaweza kuzieleza kwa Kiswahili.

Ufunguo ukiwa kwenye LOCK, injini imezimwa, na ukiuchomoa, usukani hujifunga. Kwenye ACC, redio inaweza kulia. Kwenye ON, umeme wa gari umefunguliwa wote. Kwenye START, injini inawaka. Ikishawaka, uachie ufunguo, nao utarudi wenyewe kwenye ON.

Sasa sikilizeni vizuri. Gari likiwa linatembea, ufunguo usirudishwe kamwe kwenye LOCK wala kuchomolewa. Usukani ukijifunga, dereva hawezi kukata kona. Hasa muwe macho na swichi iliyochakaa, kwani ufunguo wake huteleza kirahisi. Na wako madereva wanaozima injini kwenye mteremko ili kubana mafuta. Hiyo ni hatari kubwa. Injini ikizimwa, msaada unaolainisha breki hukatika. Ukikanyaga mara chache, breki inakuwa ngumu kama jiwe. Usukani nao unaweza kuwa mzito. Lita moja ya mafuta hailingani na roho ya mtu.

Jambo la pili ni watoto. Watoto wanapenda gari. Dereva anaposhuka kunywa chai, huku nyuma mtoto anapanda, anazungusha ufunguo kama alivyoona. Kama gari liliachwa kwenye gia, linaweza kuruka mbele hata kabla injini haijawaka. Mbele kuna nini? Huenda kuna mama anauza vitumbua.

Kwa hiyo kanuni ni hii: Anayeshuka, avute breki ya mkono, azime injini, aweke gia, achomoe ufunguo, aende nao. Kama ni mlimani, aweke na jiwe kwenye gurudumu, upande wa mteremko. Asiseme, “Nakwenda hapo tu.” Ajali nyingine hutokea wakati wa “hapo tu.”

Jambo la tatu ni ufunguo wa akiba. Usiachwe ndani ya gari. Ukae kwa katibu, ndani ya sanduku lenye kufuli. Msiandike namba ya gari kwenye ufunguo. Ukipotea, mwizi atajua ni wa gari gani. Na mkitaka kuchonga mwingine, mpelekeeni fundi ule wa akiba ambao haujalika. Ukichonga kutokana na ufunguo uliolika, utapata mwingine mbovu.

Siku hizi ziko funguo zenye rimoti, yaani unabonyeza na milango inafunguka. Ndani yake mna betri ndogo ya duara kama sarafu. Betri hiyo ni hatari sana kwa mtoto. Akiimeza na ikakwama kooni, inaweza kumuunguza vibaya ndani ya saa 2. Asisubiriwe mpaka kesho. Apelekwe hospitali mara moja.

MILANGO

Njoo, ndugu yetu, ufunge mlango huu polepole. Mmesikia? Umelia “ka.” Hebu usukume tena. Umelia “ka” mara ya pili. Mlango wa gari hushika mara mbili. Mlio wa kwanza ni wa kushikilia tu. Mlio wa pili ndio wa kufunga kabisa. Mlango ulioishia kwenye mlio wa kwanza unaonekana umefungwa, lakini haujafungwa. Gari likiruka shimo au likikata kona, unaweza kufunguka. Kwa hiyo sikiliza milio miwili, kisha sukuma mlango kutoka ndani kuhakikisha. Na kabla hujafunga, uliza kwa sauti: “Vidole!” Mara nyingi vidole vinavyobanwa ni vya watoto, pale mlango unapokutana na bodi.

Na kufungua je? Kwetu tunapita kushoto mwa barabara, na dereva hukaa kulia. Basi mlango wa dereva hufungukia upande wa barabara. Anakuja mtu wa baiskeli au bodaboda, mlango unafunguliwa ghafla mbele yake. Atakwenda wapi? Tufanye hivi. Dereva atazame kioo kwanza. Kisha afungue mlango kwa mkono wa kushoto, ule ulio mbali na mlango. Mkono huo ukivuka, mwili unageuka, na macho yanaona nyuma. Abiria wa kushoto atumie mkono wa kulia. Jaribuni hata sasa hivi mkiwa mmekaa. Mnaona jinsi bega linavyogeuka?

LOKI

Loki huzuia mwizi. Lakini loki hiyo hiyo inaweza kumfungia mtu ndani. Kila anayepanda pikapu hii lazima ajue kufungua loki kutoka ndani. Gari likipinduka au likishika moto, hakuna wakati wa kufundishana. Mwonyesheni kila abiria mgeni. Ni kazi ya nusu dakika.

Pikapu zenye milango minne zina kitu kingine. Kwenye ukingo wa mlango wa nyuma pana kiswichi kidogo cha kuwalinda watoto. Kikifungwa, mlango haufunguki kutoka ndani, mpaka mtu wa nje aufungue. Kinafaa kwa watoto watundu. Lakini dereva ajue kama kimefungwa au la.

Na hapa tuseme jambo zito. Mtoto asiachwe ndani ya gari lililofungwa, wala mgonjwa, wala mzee. Gari lililosimama juani hupata joto upesi. Ndani ya dakika 10 joto linaweza kupanda kwa nyuzi 10 za sentigredi. Mwili wa mtoto mdogo hupata joto haraka kuliko wa mtu mzima. Kufungua kioo kidogo hakusaidii sana. Hata akiwa amelala, mbebe, shuka naye.

Wengine hufunga turubai au kibanda nyuma ya pikapu, kisha kijana wa kulinda mizigo hulala humo, nao wakatia kufuli kwa nje. Tafadhali msifanye hivyo. Moto ukitokea atatokea wapi?

MLANGO WA NYUMA

Sasa tumefika pale tulipokosea sisi.

Pikapu ya kawaida hubeba kama tani 1, yaani magunia 10 ya kilo 100. Lakini msikisie. Uzito halali wa gari lenu ulizeni fundi au msome kwenye karatasi zake. Gari likipanda mlima, magunia yanasukuma kwenda nyuma. Uzito huo unaelemea mlango na makomeo yake mawili. Moja likiwa bovu, la pili linabeba kazi ya wawili. Na waya si komeo. Kamba ya katani nayo si komeo.

Mnapofunga, inueni mlango kwa viganja viwili vilivyo wazi. Msiweke vidole kwenye ukingo. Sikilizeni makomeo yote mawili, la kulia na la kushoto. Kisha uvuteni mlango kwa nguvu kuuelekea mwili wenu. Ukicheza, gari lisiondoke.

Msiendeshe gari mlango ukiwa umening’inia. Unaweza kuficha namba na taa, hata wa nyuma asione breki. Na kama pana turubai, moshi wa injini unaweza kuvutwa ndani. Moshi huo una sumu isiyo na rangi wala harufu. Watu husinzia, na wanaweza kufa humo humo. Mzigo mrefu kama mabomba au mbao ufungeni imara, na mwisho wake ufungwe kitambaa chekundu kionekane.

Na watu je? Bodi ya pikapu imetengenezwa kwa mizigo. Haina viti wala mikanda. Tunajua shida ya usafiri vijijini. Tunajua mgonjwa hawezi kusubiri basi. Akipelekwa mgonjwa, akae mbele kwenye kiti. Lakini kwa safari za mnada na za harusi, kikundi chenu kiwe na neno moja: nyuma ni mizigo. Na mtu yeyote asikae juu ya mlango wa nyuma akining’iniza miguu, hata kama gari linatembea polepole.

KALAMU NA DAFTARI

Sasa tujibu lile swali. Kisomo na pikapu, wapi na wapi? Ndugu zetu, sisi tulikuwa watu wa kalamu, tena walimu. Lakini komeo lile bovu hatukuliandika mahali popote. Lilibaki katika maneno ya mdomo. Kila mmoja alidhani mwenzake atalishughulikia.

Nunueni daftari moja. Lichoreni safu tano: tarehe, jina la dereva, kilichoonekana kibovu, kimetengenezwa lini, na sahihi. Kila asubuhi dereva azunguke gari: ufunguo, milango, loki, mlango wa nyuma. Aandike. Kama ni kizima, aandike “kizima.” Kama ni kibovu, aandike “kibovu,” na ufunguo urudi kwa katibu mpaka fundi amalize. Hata Mwenyekiti akiwa na haraka, ufunguo usitoke. Mwenye ufunguo ana dhamana, na dhamana maana yake ni kuweza kusema hapana.

Mtu akija kuwauliza, “Mlijua kuwa ni kibovu?” muweze kufungua daftari na kumwonyesha: Tulijua siku hii, tukatengeneza siku hii, na gari halikutoka. Sisi hatukuwa na daftari la kumwonyesha mama yule.

Haya, ndugu zetu, tumesema mengi. Sasa twendeni pale kwenye pikapu, kila mmoja afunge mlango wa nyuma kwa mikono yake. Wazee waanze.



Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Kwa nini mtu anayeshuka hata kwa dakika moja lazima achomoe ufunguo?
2. Mlango uliolia mara moja una hatari gani?
3. Katika kijiji chenu, ni nani anayeweza kumkatalia dereva asiondoke na gari bovu? Kama hayupo, mtafanyaje?
4. Andika mistari mitatu ya daftari la gari kama ilivyoelezwa hapo juu.