Mgeni Akae Barazani Afundishwe Ukili

Msikilizaji, mwaka 2023 Zanzibar ilipokea watalii zaidi ya laki sita. Wengi walifuata bahari: Nungwi, Kendwa, Kiwengwa, Paje. Wapo ambao hulipia kila kitu kabla ya kupanda ndege, chumba, chakula na vinywaji, na mgeni wa aina hiyo akishuka pwani hana haja ya kununua hata dafu. Mama aliyebeba mikeka humfuata mchangani, akataja bei, akapunguza, akapunguza tena.

Mama huyo ana mali kubwa kuliko mkeka, nayo ni ujuzi wake. Anajua ukindu upi ukatwe, uanikwe jua kiasi gani, uchanwe vipi, utiwe rangi kwenye maji yanayochemka. Kisha husuka ukili mrefu, pima kwa pima, ndipo aushone uwe mkeka. Mgeni akikaa naye barazani asubuhi nzima, sidhani atamaliza hata pima moja. Lakini atalipia mafunzo, atakula wali uliopikwa nyumba ya pili, na bei ya mkeka hataibishia tena.

Huko Loulé, kusini mwa Ureno, jambo hili linafanyika. Eneo lao la Algarve linajulikana Ulaya nzima kwa fukwe na mahoteli. Hata hivyo mji huo ukaanzisha mpango wa Loulé Criativo, ambamo mafundi wenyeji hufundisha kazi za mikono, ikiwemo kusuka majani ya mti wao wa jamii ya mitende. Ni kazi ya bibi zetu wa Unguja na Pemba hiyo! Na hapa kwetu Mji Mkongwe, kufundisha sanaa ya wenyeji si jambo geni: chuo cha muziki cha Dhow Countries kimekuwa kikifundisha taarab tangu mwaka 2002.

Ila mpango wa namna hii una mtego. Mama akiketishwa kando ya bwawa la hoteli asuke huku akipigwa picha, amegeuzwa pambo, na fedha ni za hoteli. Kijiji ndicho kiamue siku, idadi ya wageni, mavazi, saa za sala, na nani apate zamu.

Kwa hiyo nawaomba masheha wa vijiji vya pwani: waiteni wasukaji, wapishi na wakulima wa mwani, mkae kikao, mpange bei ya mafunzo wenyewe. Msingoje mwenye hoteli aje kuwapangia.