Nenosiri Hubadilishwa, Mboni Je?

Mwishoni mwa Julai 2023 umati ulipanga foleni kwenye jumba la KICC, Nairobi, watu wakisubiri kupigwa picha ya mboni za macho na mradi wa sarafu ya kidijitali wa Worldcoin. Malipo yalikuwa sarafu hizo 25, takriban shilingi 7,000. Tarehe 2 Agosti serikali ikasimamisha shughuli hiyo. Wapo waliowacheka wale wa foleni. Mimi siwacheki, maana kwa asiye na kibarua hizo si pesa za kupuuzwa. Ila nenosiri likiibwa utalibadilisha, na PIN ya M-Pesa vilevile, lakini mboni utazikwa nazo. Ndiyo maana naona swali la kwanza mtandaoni lisiwe kama kampuni ni halali, jambo linalowatatiza hata mawakili. Liwe hili: nikijuta kesho, nitaweza kurudi nyuma? Jibu likiwa hapana, haraka haina nafasi, hata ofa iwe inaisha jioni.

Utaniambia simu yako ina alama ya kidole chako tayari, na serikali pia inayo. Kweli, lakini katika simu nyingi za kisasa alama hiyo hubaki ndani ya simu yenyewe. Serikali nayo haikuachiwa ijiendee: Oktoba 2021 Mahakama Kuu iliona kadi za utambulisho za Huduma Namba zilitolewa kinyume cha sheria, kwa kuwa athari kwa data za watu hazikutathminiwa kwanza. Basi mahakama zitulinde? Zinajitahidi. Tarehe 5 Mei 2025 Mahakama Kuu, katika kesi ya shirika la Katiba Institute kuhusu Worldcoin, iliamua kwamba ridhaa iliyovutwa kwa sarafu haikuwa halali, ikaamuru data zilizokusanywa hivyo zifutwe ndani ya siku saba chini ya usimamizi wa Kamishna wa Data. Lakini hesabu mwenyewe: karibu miaka miwili ilikuwa imepita. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa haki ya kuelezwa data yako itatumiwaje kabla hujaitoa, tena mzigo wa kuthibitisha kwamba uliridhia unabebwa na anayeichukua. Kwa hiyo muulize wakala picha inahifadhiwa wapi, na nani, na inafutwaje, hata kama foleni inaguna nyuma yako.